Kukinga Maji, Kukinga Nyumba

Fundi akikwambia kesho mnachimba msingi, hushtuki. Lakini lisikilize neno tena. Msingi si kitu cha kujengwa? Unachimbwaje? Kumbe neno limebeba vitu viwili: kwanza lile shimo refu linalofuata uzi na kuchimbwa kwa sululu, kisha mawe, zege na tofali zinazoingia humo. Tunachimba msingi, tunamwaga msingi, tunapandisha msingi, na msingi ni uleule. Lugha imekataa kulitenga shimo na kilichomo. Mvua ya masika nayo haivitengi, kwani shimo likichelewa kujazwa, msingi huwa bwawa na watoto wakaogelea.

Kiarabu kina neno lake la msingi wa nyumba, asās. Kiswahili kilichukua mzizi huo kikaupandisha ofisini moja kwa moja: asasi, taasisi, muasisi. Yote matatu yanatokana na tendo la kuweka msingi, na hakuna hata moja lililowahi kukanyaga tope. Msingi, neno letu la Kibantu, ndilo lililobaki na saruji mikononi, ingawa nalo hutembea: shule ya msingi, haki za msingi, hoja ya msingi.

Kimo cha msingi juu ya ardhi mafundi wa Dar es Salaam hukihesabu kwa kozi, yaani mistari ya tofali. Msingi wa kozi tatu, msingi wa kozi sita. Ni Kiingereza, na kimeingia kikawakuta akina kozi wawili nyumbani, yule ndege mwindaji na yale masomo ya chuoni. Halinikeri. Ni fupi na linahesabika, na safu, ambalo lingeweza kuchukua nafasi yake, tayari limelemewa na milima na magazeti. Tuliache lifanye kazi.

Twende juu sasa, maana maji yanaanzia huko.

Upenu ni sehemu ya paa inayouvuka ukuta na kuning'inia nje. Wingi wake ni penu, na mdogo wake ni kipenu, kile unachokiezeka ubavuni mwa nyumba ukaweka kuni. Nyumba ya makuti haikudai kitu kingine cha kuhamisha maji. Upenu wake ulishuka chini hata mtu mrefu akaingia kwa kuinama, na maji ya paa yakaangukia mbali na kiambaza cha udongo. Leo utasikia mtu akiuita upenu fishabodi. Fishabodi ni ubao tu, unaopigiliwa kwenye ncha za kenchi. Kuliita eneo zima kwa jina la ubao wake wa mwisho ni sawa na kuuita mkono ukucha.

Jina linapotea kwa sababu kitu chenyewe kinapotea. Ziangalie nyumba za kuficha bati zinazopendwa siku hizi. Ukuta unapanda kupita paa, bati halionekani, sura ya nyumba ni sanduku safi. Upenu hakuna. Basi maji lazima yatobolewe njia ukutani, na hapo nyumba mpya ya Dar es Salaam inakutana, bila mwenyewe kujua, na nyumba kongwe ya Mji Mkongwe wa Unguja. Kule nako kulikuwa na paa bapa lenye ukuta wa ukingo, na maji yakatoka kwa kidomo kilichochomoza nje na kuyatupa mbali.

Kidomo hicho kina jina: marizabu. Asili yake ni Kiarabu, mirzāb au mīzāb, na kila aliyesoma habari za Hija analijua, kwa kuwa ile ya dhahabu inayoteremsha maji ya mvua kutoka paa la Al-Kaaba huitwa Mizabu ya Rehema. Kamusi zetu kongwe zinalo marizabu. Midomo yetu haina. Fundi anayetoboa ukuta wa nyumba ya kuficha bati akapitisha kipande cha bomba la plastiki anakiita "bomba la kutolea maji", maneno manne kwa kitu ambacho babu yake alikitaja kwa moja. Marizabu lirudi. Kitu kimesharudi, na jina halina sababu ya kubaki nyuma.

Mlizamu ni jirani yake. Kamusi hulieleza kama mfereji au bomba linaloteremsha maji kutoka juu, na mara nyingi hulichanganya na marizabu na hata na gata. Napendekeza tuyagawie kazi. Gata libaki la kile chombo cha bati au plastiki kinacholala chini ya upenu kupokea maji. Limeshaota mizizi, wingi wake ni magata, na hakuna mwenye duka la vifaa atakayekuelewa ukimwomba kingine. Mlizamu uwe bomba la wima linaloshuka kutoka kwenye gata hadi chini. Marizabu iwe kidomo cha mlalo kinachotupa maji nje. Vitu vitatu, majina matatu, na hatuhitaji kubuni hata moja.

Kuna anayeniambia mchirizi ungetosha kwa vyote. Hautoshi. Kitenzi chiriza ni cha maji membamba yanayoteleza juu ya uso wa kitu. Machozi huchirizika, na alama za ngozi iliyotanuka tunaziita michirizi. Mchirizi ni mwendo na alama yake, si chombo. Gata likioza, ukaona utepe mweusi wa ukoga unashuka ukutani kutoka kwenye kona ya dirisha, huo ndio mchirizi, na usiupe kazi nyingine.

Maji yakiachia paa yanadondoka, na yanapotua ardhini panahitaji jina. Nenda upande wa nyumba isiyo na gata, uangalie chini. Utaona mstari wa vishimo vidogo sambamba na ukuta, mchanga umeoshwa, changarawe zimebaki peke yake, safi kama zilizochekechwa, na ukutani tope jekundu limerukia hadi usawa wa goti. Mstari huo mafundi hawauiti chochote. Wanauonyesha kwa kidole. Napendekeza mdondoko. Ukishakuwa na mdondoko unaweza kutoa amri kwa pumzi moja: sakafu ya nje ipite mdondoko. Bila jina hilo utaeleza mpaka saa sita, na sakafu itaishia pale pale maji yanapoangukia.

Na hiyo sakafu ya nje je? Hapa ndipo penye kazi.

Wahandisi huiita aproni. Mimi nikisikia aproni namwona mpishi. Ni kweli kwamba Kiingereza nacho kilianzia jikoni, kikachukua vazi la kufunika mapaja kikalivisha nyumba. Lakini taswira hiyo ni yao. Sisi tuna yetu, na tumeikalia miaka yote.

Baraza limetokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kujitokeza nje. Ni kile kiti cha mawe na chokaa kilichounganishwa na ukuta wa mbele, mahali pa kahawa, bao na habari za mjini. Kutoka hapo neno likapanda cheo, likawa mkutano wenyewe, kisha likawa Baraza la Mawaziri na, mwaka 1967, Baraza la Kiswahili la Taifa. Nakumbusha kwa furaha kwamba chombo kinachosimamia maneno yetu kina jina la benchi la chokaa lililo nje ya mlango.

Lakini baraza lina kazi nyingine ambayo wasifu wake huisahau. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe mvua kubwa hugeuza njia kuwa mto, na wapita njia hupanda juu ya baraza na kutembea humo, nyumba baada ya nyumba, miguu mikavu. Wakati huohuo ukuta ulio nyuma yake, wa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo, umefunikwa pale hasa panapopigwa na maji. Ukuta wa namna hiyo ukilowa sana hupoteza nguvu. Baraza, pamoja na ukarimu wake wote, ni ngao ya kitako cha ukuta.

Kitako cha ukuta, hilo nalo ulichukue. Mtungi una kitako, bunduki ina kitako, mtu hukaa kitako. Ukuta unapokutana na ardhi, pana haki ya kuitwa hivyo, kuliko "sehemu ya chini ya ukuta" inayoweza kuwa popote chini ya dirisha.

Basi aproni tuiite kibaraza? Nilijaribu, nikaona ina kasoro. Mtu akisikia kibaraza anatafuta pa kukaa, na ile sakafu ya nje ni bapa, nyembamba na imeinama, haikaliwi. Mafundi wana neno jingine karibu zaidi: jamvi. Zege la sakafu linalomwagwa juu ya msingi wanaliita jamvi, kwa jina la mkeka mkubwa wa kutandika wageni wakiwa wengi. Kumwaga jamvi ni sherehe ndogo kwenye kila ujenzi. Msingi umekwisha, kuta zinaanza. Kwa hiyo nasema jamvi la nje. Fundi ataelewa kabla hujamaliza sentensi, maana ni jamvi lake lilelile, limetandikwa upande wa pili wa ukuta. Lina upungufu wake, nitausema mwishoni.

Jamvi la nje lazima liiname, na hapo mafundi wana slopu. "Weka slopu." Hili nalipinga bila huruma, kwa kuwa hatukukosa. Tuna mteremko na tuna mwinamo, na mawili haya si kitu kimoja. Mteremko unashuka, kwa hiyo mtu au gari linaweza kuteremka humo. Mwinamo umeinama tu, heshima ndogo ya kichwa, kiasi ambacho jicho huenda lisione lakini maji yakaona. Kuzunguka nyumba tunataka mwinamo. Kipimo kinachojulikana, ambacho hata kanuni za ujenzi wa nyumba za Marekani zinacho, ni ardhi kushuka kama sentimita 15 katika mita 3 za mwanzo kutoka ukutani. Na kifaa cha kuupimia tunacho kwa jina lisilohitaji maelezo, pimamaji.

Mwinamo ukikosekana, maji yanatuama. Kitenzi hiki wataalamu wa malaria wamekifanyia hisani kubwa kwa kukitangaza kila masika: fukia maji yaliyotuama. Wajenzi nao wakiazime. Maji yanayopita hayana ubaya mkubwa na msingi. Yaliyotuama ndiyo hukaa na kutafuta ufa. Tuama si tulia, wala si simama. Ni kukaa mahali pamoja bila mpango wa kuondoka, kama mgeni wa siku ya nne.

Maji yakishatoka kwenye jamvi la nje yanahitaji njia. Mtaro au mfereji? Waandishi wengi huyatumia kama pacha, na mimi nadhani kuna hasara. Nenda Kilimanjaro uwasikie Wachaga wakizungumza Kiswahili kuhusu mifereji yao. Mfereji huleta maji migombani, una wenyewe, una zamu. Mfereji wa Suez nao unatakiwa. Ukivuka kwenda Kenya, maji ya mfereji ni yale ya bombani, mtu hunywa. Mfereji, kote huko, ni maji tunayoyataka. Mtaro ni wa maji tunayotaka yaondoke: mtaro wa barabara, mtaro ulioziba, chura wa mtaroni. Kwa hiyo nyumba huzungushiwa mtaro. Ukimwandikia mteja wa Nairobi kwamba utamwekea mfereji nyuma ya nyumba, asikulaumu akija na ndoo.

Kuna mtaro mwingine usioonekana, uliochimbwa kando ya msingi, ukajazwa kokoto, pengine na bomba lenye matundu chini yake, maji ya ardhini yakaingia humo yakaondoka kimyakimya. Kiingereza huuita kwa neno linalofanana na jina la Ufaransa, na tayari nimeona tafsiri ya "mtaro wa Kifaransa". Tuifute mapema. Mtaro huu ulipewa jina la mtu, Henry Flagg French wa Marekani, mwanasheria aliyeandika kitabu cha kutoa maji mashambani mwaka 1859. Ufaransa haihusiki kwa lolote. Mtafsiri aliyekimbilia kamusi amewapa Wafaransa sifa ya bure. Mtaro wa kokoto, basi. Fundi anaona kokoto, anajua cha kuagiza.

Udongo wenyewe nao una msamiati mtamu. Ule mweusi wa mfinyanzi, unaoitwa udongo wa mbuga, ndio adui mkubwa wa misingi. Ukipata maji huvimba, ukikauka hupasuka nyufa za kuingia mkono. Sasa tazama vitenzi vilivyokaa karibu: udongo hunywa, kisha hunywea. Kunywa ni kupokea maji, kunywea ni kusinyaa na kukonda. Herufi moja inasimulia mwaka mzima wa udongo wa mbuga, masika na kiangazi, na nyumba iliyo juu yake ikipanda na kushuka. Sijui mhandisi gani angeweza kulibuni hilo akiwa ofisini.

Na nyumba ikishuka, imetitia au imedidimia? Kinachodidimia kinakwenda chini na huenda kikamezwa. Ardhi inayobonyea chini ya mzigo inatitia. Kona ya nyumba imetitia, ndiyo maana mlango haufungi. Titia linatosha, na wanaoandika "kushuka kwa kiwango cha ardhi" wapunguze wino.

Maji yasipoondolewa chini, hupanda. Yanapita katika vitundu vya tofali kwenda juu, kinyume na tulivyoyazoea. Vitabu huandika "unyevu unaopanda". Si kosa, ila ni butu. Pwani ina mtu maalumu wa kupanda juu kwa mwili mtupu na kamba miguuni: mkwezi. Naomba ruhusa ya kusema unyevu mkwezi. Ukicheka, vizuri. Istilahi inayochekesha hukumbukwa.

Cha kumzuia mkwezi huyo ni ule utando wa nailoni au lami unaolazwa juu ya msingi kabla ya ukuta kuanza. Mafundi huutaja kwa herufi tatu za Kiingereza, dipisii, na wengi wao hawajawahi kuambiwa kila herufi inasimamia nini. Neno lisilofunguka ni hatari kwenye ujenzi, kwa kuwa mtu huliruka bila kujua ameruka nini. Tayari tumelizoea umbo la kingamwili. Tuseme kingaunyevu, na atakayeiruka atajua anachokiruka.

Ukutani, miezi michache baadaye, hutokea unga mweupe, rangi inabanduka, lipu inamung'unyika chini ya vidole. Mwenye nyumba anasema ukuta una fangasi, anakwenda dukani kununua dawa ya fangasi. Fangasi ni kiumbe hai, na kwa Kiswahili ana jina, kuvu. Mara nyingi huwa mweusi au wa kijani, na ana harufu. Unga mweupe ni chumvi iliyobebwa na maji ikaachwa yalipokauka. Jina linalouelekea tunalo katika kamusi na tumeliacha likae: shura, neno la Kiajemi, ambalo kamusi hulieleza kama chumvi ya kutengenezea baruti. Na kwa kweli Ulaya ya zamani watu waliikwangua chumvi ya aina hiyo kwenye kuta chepechepe za mazizi na maghala, wakawauzia watengeneza baruti. Ukuta umetoa shura. Sema hivyo na dawa ya fangasi itabaki dukani, na fedha yako itakwenda kwenye mtaro.

Nimefika kwenye kitenzi ninachokipenda kuliko vyote, kinga.

Mvua ikianza, mama anatoa ndoo na masufuria, anayapanga chini ya upenu. Anafanya nini? Anakinga maji. Mtoto akitaka kupewa karanga anakinga mkono. Na aliyejifunika mfuko wa plastiki kichwani anajikinga na mvua. Kupokea na kuzuia, kitenzi kimoja. (Kuna na kinga ya tatu, kijiti cha moto, yule wa methali ya kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Huyo tumwache jikoni.)

Wataalamu wa miradi wametuletea uvunaji wa maji ya mvua. Limeenea Kenya na Tanzania, limeingia mpaka kwenye mabango. Ni tafsiri sisisi ya Kiingereza, na kila nikiisoma nauliza nani aliyepanda mvua. Najua tunavuna magogo ya misitu tusiyoipanda, na hilo nalo lilikuja kwa njia hiyohiyo. Sababu yangu kubwa si usafi wa lugha. Kuvuna kunakwambia habari ya tangi tu. Kukinga kunakwambia habari ya tangi na ya msingi kwa pamoja, kwa kuwa ndoo ya maji iliyokingwa chini ya upenu ni ndoo ambayo haikuangukia kitako cha ukuta.

Nimeambiwa kwamba ukingaji wa maji ya mvua utawachanganya watu, wadhani ni kuyazuia. Hautawachanganya. Unakinga maji, unakinga nyumba na maji. Kiungo "na" kinafanya kazi hiyo kila siku na hakuna aliyewahi kulowa kwa kukosa kukielewa.

Upungufu wa jamvi la nje ni kwamba jamvi hutandikwa likanyooka, nami nataka kitu kilichoinama. Fundi asiyesimamiwa atalinyoosha, na jina litakuwa limemruhusu. Sijapata bora. Wewe uliye karibu na mafundi wa Pemba, Lamu, Tanga au Mombasa, ukisikia wakiiita sakafu hiyo kwa jina lao, liandike kama walivyolitamka na ulilete, jamvi la nje lipishe.